Kidole Gumba cha Mama Zawadi

Anti Josepha, mwanangu,

Kabla hujaendelea kusoma weka chini hicho kikombe cha chai, nisingependa ikupalie halafu gazeti likose mshauri kwa sababu yangu. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya belo la viatu hapa Mchikichini, mimi ni mzee ambaye hata wenye mvi wananiita babu, nauza viatu vya mtumba, shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mimi na mwalimu hatukuelewana nani anafundisha, nina mke mmoja anayetosha watatu, na shida iliyonifanya nishike kalamu ni hii: tangu mwaka jana ninajifungua kila Alhamisi.

Usicheke bado. Najifungua kwa upasuaji, tena wa dharura, naingizwa mbio kwenye kitanda cha magurudumu huku napiga kelele, na nisipopiga kelele vizuri narudishwa mlangoni naingizwa upya.

Ilianza na sista mmoja, Caroline, mteja wangu wa raba nyeupe, ni muuguzi wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya mjini ambayo siitaji na wewe usiitaje. Siku hiyo alikuja amenuna, nikamuuliza, “Sista, leo kimekubana kiatu au mume?”

“Babu, acha tu. Tumeambiwa kila wiki tufanye mazoezi ya upasuaji wa dharura, ule wa mama anayeletwa hoi mtoto amechoka tumboni, ili kila mtu kwenye timu ajue kazi yake. Sasa hatuna mgonjwa.”

“Hospitali nzima mmekosa mgonjwa?”

“Wa kuigiza, babu. Mdoli wa mafunzo upo lakini umefungiwa stoo, na mwenye funguo kahamishiwa mkoani. Wanawake wote tuliowaomba wamegoma, wanasema kulala pale ukajifanya una mimba ni kujiitia mkosi.”

Macho yake yakashuka taratibu yakatua kwenye kitambi changu. Anti, nimetazamwa na wanawake wengi katika maisha yangu lakini sijawahi kutazamwa tumboni kwa matumaini kiasi kile.

Basi Alhamisi nikaenda. Wakanivika lile gauni lililo wazi mgongoni, ambalo aliyelibuni bila shaka alikuwa na ugomvi na binadamu, wakanifunga kilemba, chini ya gauni wakanipachika kimdoli cha plastiki kilichonunuliwa Kariakoo pamoja na mfuko wa juisi ya rozela, ndiyo damu hiyo, na nikapewa jina. Mama Zawadi. Mimba ya pili, mume dereva wa lori. Nikauliza huyo mume wangu anaitwa nani, kwa sababu mtu lazima ajue, nikaambiwa nyamaza, una uchungu.

Siku ile ya kwanza, mwanangu, nilichokiona pale hata mnada wa Ijumaa huku kwetu una nidhamu kuliko. Mpasuaji ni Daktari Heriel, kijana wa Kichagga, msafi, mikono yake myepesi sana, wananiambia kwa kisu hana mfano, ila yeye akitaka kitu anaiambia dari. “Damu!” anasema, kichwa juu. Dari haina miguu. Watu wote mle ndani wakadhani mwenzao ndiye ametumwa, wote wakabaki, halafu akasema “Glovu!” wakaenda watatu kwa pamoja, wakagongana mlangoni, na mtoto wangu wa plastiki alipotolewa hakukuwa na mtu aliyenyoosha mikono kumpokea, akaangukia kwenye ndoo. Nikainuka kitandani nikauliza, “Wa kike au wa kiume?” Daktari akasema, “Mama, umekufa, lala chini.”

Sasa hapa lazima nikutolee siri ya biashara yetu, nayo usiiandike kwa herufi kubwa. Mimi na mwenzangu Onesphory tunauza kwa miguu. Mteja akiokota kiatu, mimi nimeinamia kiatu kingine napaka rangi, mikono imejaa weusi, mdomo unamsalimia mteja habari za nyumbani, lakini kidole gumba cha mguu wangu kinazungumza na Onesphory. Kikisimama maana yake usishushe bei, huyu ameshakipenda. Kikilala, mwachie. Kikielekea kulia, leta kile cheusi cha kamba. Miaka tumeishi hivyo na hakuna mteja aliyewahi kutazama mguu wa muuza viatu.

Alhamisi ya pili nimelala pale najifungua, nikaona macho ya Caroline yananitazama na kutazama mlango, yananitazama na kutazama mlango. Alikuwa ameona kwamba hakuna aliyefuata damu. Akafungua mdomo, akaufunga. Anamjua daktari wake. Ukimwambia kitu Daktari Heriel katikati ya kazi anakuuliza, “Nani daktari hapa?” na wiki moja nyuma muuguzi mmoja mgeni alidhani ni swali akalijibu. Basi mimi nikiwa nimelala, kidole changu bila kuniomba ruhusa kikasimama, kikaelekea mlangoni.

Daktari akakiona. Akasema, “Goodluck, mbona mgonjwa anaonyesha mlango? Damu iko wapi?” Goodluck ndiye mhudumu wao wa kukimbia huku na huko, akatoka kama mshale. Na Anti, hakuna aliyeaibika! Hakuna aliyemwambia daktari amesahau. Kasema mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni kitambi cha Mchikichini, hana cheo cha kugombania na mtu.

Toka siku hiyo mambo yakanyooka. Caroline ananipa macho, mimi natoa kidole, wao wanakimbia. Kushoto damu, kulia ile meza yenye taa ya kumpashia mtoto joto, kukunja vidole vyote maana yake gozi hazijahesabiwa kabla ya kushona. Mimi hata gozi ni nini nilikuwa sijui, nilidhani ni jina la mtu, kumbe ni vile vitambaa vya kufutia damu. Kidole kilikuwa changu, habari zilikuwa za Caroline. Hata kijana wao wa kuchoma dawa ya usingizi, Allen, alianza naye kunikonyeza anapotaka daktari asubiri kidogo, badala ya kufungua kinywa chake na kusema daktari, subiri kidogo.

Siku moja nikakamatwa na msuli, kidole kikakakamaa kuelekea kushoto, hakirudi. Goodluck akaleta damu. Akaleta tena. Akaleta tena, mpaka chumba kikanukia rozela kama kuna harusi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mama anaoga?

Unajua walichosema mwisho wa mazoezi? Kuna mkufunzi anayewasimamia, Bi Winifrida, mama wa saa mkononi na miwani ya kamba, akasimama mbele yetu akasema, “Hongereni sana. Timu hii sasa inafanya kazi kama mtu mmoja.” Nikatazama pembeni. Alisema kweli kabisa, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Sifa zikaenea. Hospitali nyingine zikatuma wageni waje kujifunza kwetu, dada mmoja akauliza mbona kila mtu anatazama miguu ya mama badala ya tumbo, Allen akajibu bila kupepesa macho, “Tunafuatilia mzunguko wa damu,” na wageni wakatingisha vichwa kukubali. Na mimi, mwanangu, nikavimba. Nyumbani kila Alhamisi jioni mke wangu Mwanne ananipokea na swali lake.

“Leo umepata nini?”

“Wa kiume.”

“Kafanana na nani?”

“Na plastiki.”

“Basi kafuata upande wako.”

Namwambia Mwanne acha mzaha, wewe hujui nilivyo mtu mkubwa pale. Nikahadithia mtaa mzima. Nikahadithia sokoni, msikitini baada ya swala, kwa fundi cherehani, kwamba ile ndiyo timu ya mabingwa, mwanamke akifika pale hata akiwa amekata pumzi anarudi nyumbani na mtoto mkononi.

Hapo ndipo ninapoanza kulia. Mjukuu wangu Vicky, binti wa binti yangu, ambaye kwa utani wetu ni mke wangu mdogo na Mwanne ni mke mwenza wake, ana mimba yake ya kwanza, imekaribia. Akaja Jumapili, miguu imemvimba, akakaa akajipepea.

“Mume wangu, kliniki wamesema mtoto amekaa kitako.”

“Amechoka kusimama, mwache apumzike.”

“Babu, sitanii. Wamesema asipogeuka huenda nikapasuliwa. Nimewaambia nitaenda kwenye hospitali yenye timu yako.”

“Timu yangu ipi?”

“Si ile unayoisifu hapa mpaka bibi anakuongezea sauti ya redio? Nilikuwa naogopa kisu, lakini kwa sababu ni watu wako, siogopi tena.”

Siogopi tena, kasema. Nikacheka. Kicheko hakikufika popote.

Alhamisi iliyofuata nilipitia hitma Buguruni, nikala pilau ya watu wawili kwa sababu mmoja hakufika, nikaenda kujifungua nimeshiba. Wakanilaza. Feni inazunguka, kitanda kina baridi tamu, na mimi Mama Zawadi nikachukuliwa na usingizi, usingizi wa kweli, si wa Allen. Kilichoniamsha si kelele, ni kimya. Nikafungua jicho moja. Wamenizunguka wote, mikono yenye glovu wameinua juu kama wanaojisalimisha kwa askari, na wote, Anti, wote wanatazama mguu wangu.

Allen ananong'ona, “Labda hii ndiyo ishara mpya.”

Daktari Heriel anasema, “Mama hajasema. Tusubiri.”

Na Caroline amesimama hatua moja kutoka kwa daktari, hatua moja, angenyoosha kiwiko angemgusa, macho yake yananipigia kelele mimi kwamba mpira wa hewa ya mgonjwa haujachomekwa. Mimi niliyelala! Daktari aliye macho hakumwambia. Kabla kidole changu hakijaamka, Bi Winifrida akatazama saa yake akasema, “Muda umekwisha, mtoto amefariki.” Mdoli ule, Anti, ulikufa mimi nakoroma. Halafu wakakaa kikao, na unajua waliamua nini? Kwamba leo mgonjwa hakutoa ushirikiano, na kuanzia sasa nisile pilau kabla ya mazoezi.

Nikarudi nyumbani. Mwanne akauliza nimepata nini, nikamwambia leo sikupata. Akaacha kupepeta mchele. Nikamwambia yote. Mwanne ni mtu wa ufumbuzi, akasema basi mfundishe Vicky kidole. Tukamwita, tukamlaza mkekani, mimi mwalimu. Nasema “Damu!” naye anatoa kidole kushoto, nasema “Gozi!” anakunja vyote, ile miguu imevimba kama maandazi lakini kichwa chake chepesi, siku moja akawa ameshika kila kitu. Anacheka, anasema mume wangu una vituko. Hakujua kwa nini namfundisha.

Juzi Allen akapita mezani kwangu kununua raba. Nikamuuliza kimzahamzaha, “Eti kijana, mama akishachomwa ile ganzi yenu ya mgongoni, vidole vya miguu anaweza kuvichezesha?”

Akacheka mpaka akashika nguzo. “Babu, akichezesha vidole ujue mimi sijafanya kazi yangu. Pale miguu inakuwa kama ya jirani.”

Nilimfungia raba mbili zote za kushoto, akaondoka nazo, na mimi sikuona.

Sasa nishauri, mwanangu. Onesphory anasema nijifiche chini ya kitanda cha upasuaji siku ya Vicky nitoe mguu nje. Mwanne anasema tumpandishe Vicky basi aende kujifungulia Machame kwa bibi yake mwingine. Mimi moyo unanituma nikawaambie ukweli, lakini nikiwaambia Daktari Heriel atamla Caroline mzima mzima, wageni watacheka, na mimi Alhamisi yangu itakwisha, nitarudi kuwa muuza viatu tu. Na nikuambie la mwisho ambalo sijamwambia hata Mwanne: hii ni mara ya kwanza watu wenye shahada kunisikiliza, hata kama wanausikiliza mguu tu.

Wako katika uchungu,
Mama Zawadi (babu), Mchikichini.

ANTI JOSEPHA ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Ipokee upesi, kwa sababu heshima yenyewe haitavuka aya ya pili.

Majina ya wote nimeyabadilisha, na ya kwako pia. Kitambi nimeshindwa kukificha, basi utajitetea mwenyewe.

Nimecheka. Nimecheka mpaka mhariri amekuja kuuliza kama kuna msiba. Halafu nikafika kwa Vicky anayekunja vidole mkekani bila kujua kwa nini, nikaacha kucheka, na hapo ndipo nilipokukasirikia. Wewe mzee mzima, unamfundisha binti wa watu, tena mke wako mdogo, kuwaongoza madaktari wake kwa mguu, siku ambayo kazi yake ni moja tu, kulala na kuzaa? Huoni haya?

Tuanze na Onesphory. Mwambie anyamaze auze viatu. Chumba cha upasuaji si turubai la mtumba, na wewe chini ya kitanda kile ni uchafu, babu, niwie radhi, ni vijidudu vyenye ndevu. Bi Mwanne naye, pamoja na akili zake zote, kakosea: mama mwenye mtoto aliyekaa kitako, mimba imekaribia, hapandishwi basi la siku nzima kwenda popote. Uchungu ukimshikia njiani, huko kwenye basi mpasuaji atakuwa nani, kondakta? Vicky abaki mjini karibu na hospitali, aende kliniki kila anapoitwa, na maswali yake amuulize daktari, asikuulize wewe.

Sasa wewe. Unaona tatizo ni kwamba ulidanganya. Ulidanganya kidogo. Kosa lako kubwa ni kwamba uliwasaidia. Pale palikuwa na watu wenye ndimi, wenye akili, wanaoona kilichokosekana, na hawakuweza kumwambia mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwao. Ingekuwa wewe hupo, wangeshindwa, wangeshindwa tena, wangeumbuka mbele ya Bi Winifrida, mpaka siku moja wangelazimika kuzungumza. Wewe ukawapa njia ya uchochoroni. Caroline hana haja ya kumwambia daktari, daktari hana haja ya kusikia kutoka kwa Caroline, kila mtu kabaki na hofu yake na kiburi chake, vimetunzwa vizuri, na juu yake umesimama wewe na kidole chako mnapigiwa makofi.

Najua kinachokuuma zaidi, umekiandika mwisho kabisa kwa hati ndogo. Hujazoea kusikilizwa. Babu, mimi nakusikiliza hapa, na mwenyewe umeona haupo mguu kati yetu. Basi nenda ukasikilizwe kwa mdomo.

Nenda Alhamisi hii, kabla hujavishwa hilo gauni lako la ugomvi, ukiwa na suruali na mkanda. Usimvute Caroline pembeni, usimvizie daktari kwenye korido. Wawepo wote, na Bi Winifrida awepo. Waambie kidole kilikuwa chako na habari hazikuwa zako. Usimtaje Caroline, maana hakuwa peke yake, hata huyo Allen alikukonyeza, sema “mlikuwa mnaniambia kwa macho, mimi nawaambia kwa mguu, na daktari anausikia mguu.” Halafu waambie kuhusu Vicky. Usifanye mzaha hapo. Pengine ni mara yako ya kwanza, lakini jaribu.

Wakishamaliza kununa, panda kitandani uzae. Safari hii vaa soksi, vaa na viatu, funikwa blanketi mpaka shingoni, fumba macho, na uwe mama aliyezimia. Mdoli akiangukia kwenye ndoo, aanguke. Mdoli anafutwa na kitambaa. Waache wakosee mbele yako mpaka wachoke kukosea.

Kama watakuuliza wafanye nini badala ya kidole, wapeleke kwako sokoni. Wewe ukitaka kiatu kutoka stoo, Onesphory yuko ndani haoni mguu wako, mteja amekuja na rafiki zake, kelele kila upande, unainua kichwa unaliambia turubai “Kiatu!”? Najua husemi hivyo, nimenunua huko. Unasema, “Onesphory, nipe kile cheusi cha kamba,” na Onesphory anajibu kutoka ndani, “Cheusi cha kamba, nakuja nacho.” Jina, kitu, na jibu. Asipojibu unaita tena, hudhani kasikia. Basi na wao wafanye hivyo kwa damu. “Goodluck, lete damu.” “Damu, naenda mimi.” Hakuna atakayebaki akijiuliza nani katumwa, na hakuna watatu watakaogongana mlangoni wakifuata glovu.

Sasa naomba nizungumze na Daktari Heriel. Daktari, najua safu hii unaisoma, hata kama unaificha ndani ya gazeti la Kiingereza. Swali lako la “Nani daktari hapa?” jibu lake tunalijua wote, lifute. Kabla hujashika kisu, watazame wenzako usoni useme, “Nikikosea au nikisahau, niambieni hapo hapo.” Na siku ya kwanza mtu akikuambia, hata akiwa amekosea yeye, mshukuru kwa sauti. Mara moja tu ukimkaripia, watarudi kutafuta mguu wa kutazama. Mikono yako myepesi tumeisikia mpaka gazetini. Sikio lako bado.

Na wewe Caroline, binti yangu, umeona mpira wa hewa haujachomekwa, ukamtazama mzee anayekoroma. Sitakugombeza, mimi nimekuwa mwanamke kazini muda mrefu, najua bei ya kusema. Ila ile hatua moja kutoka kwako hadi kwa daktari, siku ya Vicky itakuwa ndiyo uhai wake. Mguse kiwiko. Sema.

Babu, nikuibie siri nami. Mwanangu wa mwisho alitolewa kwa kisu, kwa dharura, na Allen hakukudanganya: miguu yangu sikujua iko chumba gani. Nililala nikitazama taa, meno yananigongana, nisijue kama nazaa au nakufa. Kulikuwa na kitambaa mbele ya uso wangu, sikuona kitu. Nilichokuwa nacho ni sauti tu. Nikasikia mtu anaitwa jina, akaitikia, “Nimesikia, nafanya mimi.” Akaitwa mwingine, akaitikia. Kila walipoitikiana nikapumua mara moja. Ndicho Vicky atakachokuwa nacho, sauti zao, basi. Hakuna kidole chako kitakachofika huko.

Kwa hiyo leo leo kamwambie mjukuu wako kwa nini ulimlaza mkekani. Mwombe msamaha, na umpeleke hospitalini akawaone watu hao kabla ya siku yake, wamjue kwa jina lake, asije akaingia mle wakamwita Mama Zawadi.

Na siku ikifika, wewe hutaingia. Vaa viatu vyako vyote viwili, hakikisha si vya kushoto vyote, ukakae kwenye benchi la nje na Bi Mwanne, karibu na mlango. Tega sikio. Ukisikia majina yanaitwa na yanaitikiwa, kaa hapo hapo, hata kama inachukua muda. Ukisikia kimya, inuka ukagonge mlango.

Kwa mkono.